Shajara ya mradi: agizo linalongoja siku, kazi inayongoja mtu

Jumatatu, 14 Julai

Tumeanza upya. Tangu asubuhi nimekaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, katika hospitali moja nje kidogo ya Kisumu, bila kompyuta, na daftari tu mkononi. Nilimwomba Sista msimamizi aniruhusu nikae kimya nitazame watu wanavyokitumia kile kitufe chetu kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali tunaoutengeneza. Akaniambia, "Kaa hapo, lakini ukiombwa kushika mtoto utashika." Nimeshika wawili.

Kitufe chenyewe kinaitwa "Baadaye". Tulikiweka mwaka jana kwenye moduli yetu ya maagizo, sehemu ya mfumo inayoandikwa dawa na vipimo vya mgonjwa, na kila mtu akakipenda, kwa sababu kinaondoa jambo mbele ya macho wakati foleni imefika hadi langoni. Leo nimeona kikibonyezwa kwa mambo matatu yasiyo na undugu wowote.

Afisa wa kliniki alimpa mama dozi ya kwanza ya SP ya kukinga malaria, kisha akaandika ya pili, ya wiki nne zijazo. Baadaye. Mama mwingine alitolewa damu ya kupima kiwango cha damu mwilini, jibu litoke mchana, na mama ana gari la kuwahi. Daktari akaandika "Sista aangalie jibu ampigie". Baadaye. Wa tatu alipaswa kupimwa kaswende lakini maabara haina vitendanishi, yaani dawa za kupimia, tangu wiki iliyopita. Baadaye.

Kwenye skrini yote matatu yanatoka na rangi ileile. Kwenye hifadhidata ni mistari mitatu inayofanana: agizo, jina la mama, tarehe, hali "imeahirishwa". Lakini la kwanza linangoja siku. La pili linangoja mtu. La tatu linangoja kitu. Nimeyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Sista naye ana daftari lake, lile la shule la kurasa 96, analoliweka chini ya meza. Kila jambo linalobonyezwa Baadaye na yeye analiona ni zito, analiandika humo kwa kalamu nyekundu. Nilimuuliza kwa nini, na mfumo upo. Akanijibu bila ukali wowote: "Daftari langu najua nani ameandika na nani anangojwa."

Alhamisi, 17 Julai

Mwenzetu mpya ameuliza kwa nini tunabomoa kitu kinachofanya kazi. Anastahili jibu kamili, kwa hiyo naliandika hapa.

Mwezi Mei mtoto wa wiki 6 alitolewa damu kwa kipimo cha PCR, kile kinachotafuta virusi vyenyewe, matone yakakaushwa kwenye karatasi yakapelekwa maabara ya rufaa. Ndivyo anavyofanyiwa kila mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI. Kipimo cha kawaida cha kingamwili hakifai katika umri huo, maana mtoto bado anabeba kingamwili za mama yake. Jibu lilirudi likiwa chanya. Mfumo wetu ukafungua kazi: "Mjulishe mama, aje na mtoto aanzishiwe dawa." Na pale panapoandikwa aliyekabidhiwa, ukaandika: Wauguzi, kliniki ya mama na mtoto.

Wauguzi, kwa wingi. Kazi ile ilionekana kwenye skrini za watu watatu. Nilipozungumza nao mmoja mmoja, kila mmoja alikumbuka kuiona. Wa kwanza alikuwa anamaliza zamu, akajua wa mchana ataikuta. Wa pili aliikuta tayari ina alama ya kusomwa, kwa kuwa alama yetu ilikuwa inawaka kwa wote mara tu mmoja anapoifungua, akaamini kuna mtu yuko kwenye simu na mama. Wa tatu alirudi kutoka likizo akaikuta imefunikwa na kazi nyingine nyingi. Na afisa wa kliniki aliyeagiza kipimo hakuiona hata kidogo. Kwa upande wake agizo lilikuwa limekamilika: kipimo kimefanyika, jibu limerudi, rangi ya kijani.

Zilipita siku 11. Mtoto yu hai na anapata dawa zake. Namshukuru Mungu, na namshukuru yule sista wa tatu aliyeshika simu hata kabla hajavaa sare. Lakini watoto walioambukizwa wasipopata dawa, karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka 2, na wengi huondoka katika miezi ile ya mwanzo kabisa. Nimezihesabu siku hizo 11 mara nyingi usiku.

Wale masista watatu wote ni watu wa kazi. Tuliweka mbele yao kazi isiyo na mwenyewe, na kila mmoja akamheshimu mwenzake kiasi cha kuamini ameshaishughulikia.

Jumatano, 23 Julai

Siku mbili tumesoma tulichonacho kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo.

Moduli yetu inakaa juu ya OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, na mimi huona fahari kila nikilitaja jina hilo, kwa sababu mizizi yake iko huku kwetu. Kituo cha afya cha Mosoriot, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kapsabet, kilianza kutumia rekodi za wagonjwa za kompyuta mwaka 2001. Mpango wa AMPATH, unaowahudumia wenye virusi vya UKIMWI kule Eldoret, ulipohitaji mfumo wenye uwezo mkubwa zaidi, OpenMRS ikaanza kujengwa mwaka 2004. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika nchini, imesimama juu ya msingi huohuo.

Agizo katika OpenMRS lina tabia iliyokuwa ikiniudhi zamani na sasa naishukuru: likishahifadhiwa halibadilishwi. Ukitaka kulirekebisha unaandika jipya linalolitaja la zamani, na la zamani linasimamishwa. Jina la aliyeagiza halifutiki. Halafu lina namna tatu za uharaka: la kawaida, la sasa hivi, na la tarehe iliyopangwa. Hiyo ya mwisho ndiyo kuahirisha kwenyewe. Ilikuwepo muda wote, sisi tukaipita tukajenga Baadaye yetu pembeni.

Kazi ni habari nyingine. Kiwango cha FHIR, kile cha kimataifa cha mifumo ya afya kubadilishana taarifa, kimevitenga viwili hivi: ServiceRequest ni ombi la huduma, Task ni kazi yenye mtu wa kuifanya. Kazi ina aliyeiomba na ina mwenyewe, na katikati yao kuna hali ambazo sisi hatukuwa nazo: imeombwa, imepokelewa, imekubaliwa, imekataliwa. Yule mtoto alipotelea hapo, kati ya "imepokelewa" na "imekubaliwa". Sisi tulikuwa na neno moja tu la "imetumwa", na likitumwa tulifunga mlango.

Tumekubaliana hivi na tumebandika ukutani: anayeahirisha anabaki na agizo lake, anayekabidhi anabaki na kazi yake mpaka mwenzake aseme "nimechukua". Unaweza kuikabidhi kazi kwa kundi zima ukipenda, lakini mpaka mtu mmoja katika kundi aichukue kwa jina lake, itakaa kwenye orodha yako, juu kabisa, na haitafichika.

La kitu kinachokosekana halikutuchukua muda. Agizo linabaki hai, maabara inaandika limekwama kwa sababu gani, na vitendanishi vikifika orodha nzima inatoka kwa mara moja. Dada wa maabara ameridhika.

Kitufe cha Baadaye kimeondolewa. Badala yake kuna viwili: "Panga siku" na "Mkabidhi mtu". Mwenzangu aliogopa kwamba tunawaongezea wahudumu kazi ya kufikiri. Nadhani tunawauliza swali ambalo tayari wanalo kichwani.

Jumanne, 5 Agosti

Nilidhani nusu ya kupanga siku ndiyo nyepesi. Niliamini ugumu wote uko kwenye kukabidhi. Leo nimeona vingine.

Ukanda huu wa ziwa malaria haiondoki. Ndiyo maana mama mjamzito hapa hupewa SP kuanzia wiki ya 13 ya mimba, kisha katika ziara zinazofuata, mradi zimepita angalau wiki nne tangu dozi iliyopita, na anaimeza palepale mbele ya sista. Kwetu lilikuwa agizo la mfano. Linajulikana leo, linatakiwa siku fulani iliyo mbele, na katikati hakuna wa kufanya lolote. Tulilichagua liwe la kwanza kwenye jaribio.

Asubuhi hii agizo la mama mmoja liliamka kama tulivyolipanga. Skrini ikaonyesha: SP, vidonge 3, leo. Sista akamimina maji kwenye kikombe, akaviweka vidonge kwenye kifuniko cha mkebe, na kabla ya kumpa akauliza kama anavyomuuliza kila mtu, "Mama, kuna dawa nyingine unayomeza nyumbani?"

Mama alikaa kimya. Akautazama mlango. Kisha akaingiza mkono kwenye mkoba akatoa leso iliyopigwa fundo, akaifungua taratibu. Ndani mlikuwa na kikopo cheupe cha plastiki, karatasi yake imebanduliwa yote, imebaki alama ya gundi tu. Sista akatoa kidonge kimoja kiganjani: cheupe, kirefu, kina mstari katikati. Akamgeuzia mama mwili kabisa, mgongo kwetu sote, akamwambia kwa sauti ya chini, "Sawa, mamangu. Umefanya vizuri kunionyesha. Hii inatosha, ile nyingine leo hatumezi."

Ilikuwa septrin, dawa ya kuzuia maambukizi wanayopewa wenye virusi vya UKIMWI. Ndani ya zile wiki nne mama alipimwa, akakutwa na virusi, akaanzishiwa dawa kwenye chumba kingine na foleni nyingine. Anayetumia septrin hapewi SP. Zote mbili zina dawa za jamii ya salfa, zikikutana madhara yake yanaweza kuwa makali, na septrin yenyewe tayari inamkinga na malaria. Afisa wa kliniki aliyeandika agizo alikuwa sahihi siku aliyoliandika. Mama ndiye aliyebadilika.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mfumo wetu una tahadhari za mzio na za dawa zinazogongana. Tulizijaribu mno na zinafanya kazi, ila tuliziweka pale agizo linapoandikwa. Zilimkagua mama wa wiki nne zilizopita, halafu leo zikanyamaza. Swali la Sista ndilo lililofanya kazi yetu.

Jumatano, 6 Agosti

Sikulala vizuri, lakini tumepata njia.

Agizo lililopangiwa siku haliamki tena kama amri. Siku ikifika, mfumo unalipitisha upya kwenye ukaguzi wote, kwa dawa, majibu ya vipimo na umri wa mimba wa siku hiyo. Kisha unamwonyesha sista vitu viwili: alichoagiza daktari siku ile, na kilichobadilika tangu siku ile. Kama hakuna kilichobadilika, anabonyeza mara moja anaendelea, maana foleni haingoji. Kama kipo, agizo linarudi kwa aliyeliandika, au kwa aliye zamu ikiwa yeye hayupo, na halitekelezwi mpaka mmoja wao aamue.

Mwenzangu alipinga. Kama kila agizo litarudi kwa daktari, tumeahirisha nini? Ana haki ya kuuliza. Mgonjwa aliyebadilika uzito kwa kilo moja naye "amebadilika". Tulibishana mpaka chai ikapoa, na tukafika hapa: kila agizo la kupangiwa siku litaje linategemea nini. SP inategemea septrin, mzio wa salfa, na tarehe ya dozi iliyotangulia. Kipimo cha sukari cha wiki 24 hadi 28, kile cha kunywa gramu 75 za glukosi, kinategemea mama asiwe tayari anatibiwa kisukari, na mimba iwe bado ipo.

Hilo la mwisho niliandika mimi na mkono ukasita. Lakini ujumbe wa kumkumbusha mama kipimo cha mimba aliyoipoteza mwezi uliopita ni jeraha juu ya jeraha, na hauwezi kusamehewa kwa kusema ni kompyuta.

Hapohapo tukagundua tulikuwa tunahesabu vibaya. Mama akichelewa dozi ya pili kwa siku kumi, dozi ya tatu ilibaki kwenye tarehe yake ya kalenda, yaani siku 18 tu baada ya ile aliyomeza. Sasa siku 28 zinaanzia siku vidonge vilipomezwa kweli. Tarehe ya kupanga ni makisio. Tarehe ya kumeza ndiyo inayotawala.

Na mama asipokuja kabisa? Hapa ndipo mambo mawili tuliyoyatenganisha yanapokutana tena, na nimefurahi kuona yanavyokutana. Agizo halina wa kutekelezewa. Kinachohitajika sasa ni mtu wa kumtafuta. Kwa hiyo agizo linazaa kazi, kazi inatafuta mwenyewe, na agizo lenyewe linalala likingoja mama aonekane. Halifutiki wala halijifanyi limekamilika.

Alhamisi, 14 Agosti

Fupi. Maagizo yalikuwa yanaamka siku moja mapema. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa, na seva yetu iko kwenye UTC. Tarehe tuliyoihifadhi kama saa sita usiku ya hapa, seva ikaisoma kuwa saa tatu usiku ya jana yake. Kwa mama aliyeambiwa aje bila kula, kesho yake na leo ni mbali sana. Siku ya agizo sasa ni tarehe tupu isiyo na saa.

Pia stima ilipotea usiku wa juzi, seva ikazimika wakati ule ule wa kuamsha maagizo, na ya siku hiyo hayakuamka kamwe. Mfumo ulikuwa unauliza, "Ni yapi ya leo?" Sasa unauliza, "Ni yapi yaliyofika siku yake na hayajaamshwa?"

Alhamisi, 28 Agosti

Leo tumekaa na wahamasishaji wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 serikali ilipowapa mikoba na simu, hao ndio wanaofika mlangoni kwa mama ambaye kliniki imempoteza. Kazi nyingi za kumtafuta mtu zitaishia mikononi mwao, na mimi nilikuja na skrini niliyoiona nzuri: jina la mama, agizo lililokwama, sababu, ramani ya kijiji.

Mmoja wao, mama wa makamo kutoka upande wa Ahero, aliitazama muda mrefu. Kisha akaniwekea simu yake mezani.

"Mwanangu, simu hii usiku inashikwa na wajukuu. Mchana naichaji dukani kwa jirani. Usiniandikie jambo ambalo hutaki jirani alisome."

Nikamweleza kuhusu nywila. Akatikisa kichwa. Akasema nywila inajulikana na mjukuu wake, kwa sababu yeye ndiye aliyemwekea.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu habari ya afya ya mtu kuwa data nyeti, na mimi nilikuwa nimeisoma. Lakini maneno ya mama huyu yalinionyesha jambo kwa namna ambayo kusoma hakukunionyesha: nilikuwa namkabidhi kazi, na ndani ya kazi nikamkabidhi siri ya mtu mwingine. Kumwomba mtu amfikishe mama kliniki hakumpi haki ya kujua kwa nini anaitwa. Agizo ni la wale wanaomtibu. Kazi ikitoka nje ya lango la hospitali inapaswa kuacha agizo nyuma.

Tumeandika upya palepale mezani. Mhamasishaji ataona: "Mwombe mama huyu afike hospitali kabla ya Ijumaa." Basi. Hakuna jina la chumba, maana kila mtu mtaani anajua chumba kipi ni cha nini. Hakuna jina la dawa wala la kipimo.

Yeye tena akauliza, "Na akiniuliza ninaitiwa nini, nimjibu nini? Nikisema sijui atadhani namficha." Hatukuwa na jibu. Mwenzake, kijana aliyekuwa kimya muda wote, akapendekeza: "Mwambie Sista anataka kuongea na wewe mwenyewe, na umpe namba ya Sista apige hapohapo." Kwa hiyo namba ya simu ya kliniki inakaa chini ya ujumbe, kubwa, ili mama aipige akiwa bado amesimama na mhamasishaji au baada ya kuondoka, apendavyo.

Majibu ya kurudisha ni manne, waliyochagua wao: nimempata, amehama, sikumkuta, hataki kuja. Hilo la nne niliwaza tuliache. Wakasema hapana, liwepo, maana anayekataa anahitaji kufuatwa na mtu mwingine kwa maneno mengine, na wao wakiandika "sikumkuta" watatumwa kwake tena na tena mpaka afunge mlango.

Jumanne, 9 Septemba

Wiki mbili za jaribio la kukabidhi, na kitufe cha kukataa hakijabonyezwa hata mara moja. Nilianza kufurahi. Sista msimamizi akanirudisha.

"Nani atamkatalia daktari kwa maandishi?"

Ni kweli, na nilipaswa kujua, nimekulia hapahapa. Mkubwa wako akikuomba jambo husemi "nakataa". Unasema "sawa", halafu unatafuta njia. Kwa hiyo masista walikuwa wanakubali kila kitu, hata wakiwa na wagonjwa waliowazidi, na kazi zikawa na wenyewe kwa jina tu. Tungerudi palepale pa mwezi Mei, mara hii tukiwa na ushahidi wa sahihi zao. Hilo lingekuwa baya zaidi, maana lawama ingepata anuani.

Tumebadilisha neno. Kitufe sasa kinasema "Siwezi kwa sasa", na chini yake sababu za kuchagua: nina mgonjwa mahututi, zamu yangu inaisha, sina uwezo wa kisheria wa kufanya hili, namba haipatikani. Hiyo ya tatu ilitoka kwa sista kijana. Daktari mmoja alikuwa amemkabidhi abadilishe dozi ya dawa ya presha "ikionekana juu". Hiyo haikuwa kazi ya ufuatiliaji. Lilikuwa agizo lililovalishwa nguo za kazi, na uamuzi wake ni wa daktari. Mfumo sasa haukubali jina la dawa pamoja na dozi yake ndani ya kazi; ukiandika hivyo unakuuliza kama ulikusudia agizo. Nadhani hili ndilo jambo muhimu kuliko yote tuliyoyafanya mwezi huu, na halikuwa kwenye mpango wetu.

Kuhusu kubadilishana zamu tulijaribu kazi zihame zenyewe saa moja jioni. Tumeliacha. Kazi ambayo haijaisha inakabidhiwa kwa mtu anayeingia, wakiwa wamesimama pamoja kama wanavyokabidhiana wodi, na anayeingia anabonyeza mwenyewe "nimechukua". Inawachukua dakika chache na hakuna aliyelalamika.

Ijumaa, 19 Septemba

Wiki ya kwanza kamili bila sisi kuwa pale kila siku.

Jumatano mchana jibu la damu la mama mmoja lilirudi likiwa chini sana. Nimefuatilia njia yake kwenye rekodi leo asubuhi, mstari kwa mstari. Kazi ilifunguliwa saa nane na dakika tano. Sista wa kwanza aliijibu "Siwezi kwa sasa, nina mgonjwa mahututi", dakika nne baadaye, na ikarudi kwa afisa wa kliniki aliyeagiza, ikakaa juu ya orodha yake. Naye akaikabidhi kwa mwingine, aliyechukua. Simu ya mama haikupatikana. Ikaenda kwa mhamasishaji wa upande wa Ahero. Saa kumi na moja kasoro alirudisha jibu: nimempata. Mama aliletwa na bodaboda kabla ya giza.

Nimeusoma mnyororo ule mara mbili. Katika kila dakika ya saa zile tatu kulikuwa na jina la mtu mmoja.

Yaliyobaki ni mengi. Maagizo ya kupangiwa siku bado hayajui mama akihamia hospitali nyingine. Watu wa kliniki ya kisukari wanataka kuanza, na kwao kuna swali la HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, ambacho hudanganya kwa wenye selimundu (sickle cell), ugonjwa ulio mwingi huku kwetu, kwa hiyo orodha yao ya "linategemea nini" itahitaji kuketi na daktari siku nzima.

Kabla ya kuondoka nilimwomba Sista msimamizi anionyeshe tena daftari lake la chini ya meza. Kurasa za Julai zimejaa wino mwekundu. Ukurasa wa wiki hii una mistari miwili. Yote miwili ni ya kipimo cha kaswende, akina mama wawili waliotembea kutoka mbali Jumanne wakakuta vitendanishi bado havijafika. Maabara ilijua tangu Jumatatu na iliandika kwenye mfumo, kama tulivyowapangia. Hatukumpangia mtu yeyote wa kuwaambia wale mama wasije bure. Sista aliwaandika ili awapigie siku vitakapofika.

Jumatatu naanza na hao wawili.